Mtoto wa Mtu wa Kazi Akae Wapi?



Wakati tulipokuwa tukitandika reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka wa 2017, nilifanya kazi miezi kadhaa na fundi mmoja Mchina, mtu mpole, mwenye kuijua kazi yake. Kiswahili chake kilikuwa maneno ishirini hivi, na Kichina changu hakikufika matano. Siku moja wakati wa chakula alitoa simu akanionyesha picha ya msichana mdogo amesimama mlangoni na bibi kizee. Kumbe yule bibi ndiye mama yake fundi, na ndiye aliyekuwa akimlea mtoto huko kijijini, mkoa wa Henan. Nikauliza, "Na mama wa mtoto?" Akasema, "Kazi. Mbali." Yeye Kenya, mkewe kiwandani Shenzhen, mtoto kwa nyanya.

Jioni ile wenzangu kambini walisema kwamba Wachina hawana mapenzi na watoto, wanapenda kazi tu. Mimi nami nilicheka pamoja nao. Sasa najuta, kwa maana tangu hapo nimesoma habari za mambo hayo, na nimeona ya kuwa tulimcheka mtu aliyefungwa.

Katika China kila nyumba ina kitabu cha kuandikishwa kiitwacho hukou. Sheria yake ilitolewa mwaka wa 1958. Kitabu hicho chasema wewe ni mtu wa mahali gani, na mtoto huwafuata wazazi wake hata akizaliwa katikati ya mji. Waweza kutoka shamba ukaenda mjini, ukajenga nyumba za orofa thelathini, ukafagia barabara, ukashona viatu vinavyouzwa dunia nzima, lakini kitabu chasema ungali mtu wa shamba. Basi shule ya serikali, nyumba ya serikali na msaada wa matibabu mjini, wa kwanza kuhesabiwa ni wenye kitabu cha mji. Watu wa kazi waliotoka mashambani wanakaribia milioni 300. Na kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2020, watoto zaidi ya milioni 60 waliachwa nyuma na baba au mama au wote wawili waliokwenda kutafuta kazi. Sisi Wakenya wote, wazee kwa watoto wachanga, tulipohesabiwa mwaka wa 2019 hatukufika milioni 48.

Babu zetu wangelielewa jambo hili upesi, kwa kuwa walining'inizwa kipande shingoni, na asiye nacho alikamatwa. Huko China nako, mpaka mwaka wa 2003, askari waliweza kumkamata mtu asiye na karatasi za kukaa mjini na kumrudisha kwao. Mwaka huo kijana mmoja msomi mwenye kazi yake, Sun Zhigang, alikamatwa Guangzhou kwa kukosa karatasi, akapigwa akafa kizuizini. Magazeti yakaandika, watu wakakasirika, na kabla ya mwaka kwisha desturi ile ya kukamata ikafutwa. Kitabu chenyewe hakikufutwa.

Sitaki kusema uongo. Serikali yao imelegeza mambo tangu mwaka wa 2014, na mwaka wa 2019 iliagiza kwamba miji yenye watu chini ya milioni tatu iondoe vizuizi. Lakini kazi nyingi ziko katika miji mikubwa kama Beijing, Shanghai na Shenzhen. Huko shule humpokea mtoto wa mgeni ikiwa mzazi ana karatasi za kazi, za nyumba na za bima. Kibarua wa mjengo aliyeajiriwa kwa mdomo atazitoa wapi? Tena mtihani wa kuingia chuo kikuu, kwa watoto wengi, hufanywa mahali walipoandikishwa. Basi hata aliyekaa na babaye mjini mara nyingi hurudishwa kijijini kujitayarisha.

Nakiri kwamba kama mtu wa reli ninaionea wivu reli yao. Gari la kwanza la kwenda kilomita 350 kwa saa lilianza kati ya Beijing na Tianjin mwaka wa 2008, na leo njia za magari ya mbio zimepita kilomita 40,000. Wakati wa mwaka mpya wao kuna msimu wa safari wa siku 40, na stesheni hujaa watu na mizigo. Lakini tazama gari limebeba nini: baba anayekwenda kumwona mwanawe kwa siku chache. Fundi wangu alinionyesha kwa mikono jinsi binti yake alivyojificha nyuma ya nyanya alipomwona mtu huyu mgeni akiingia na zawadi.

Mtu atauliza, chama chao kiko wapi? Kiko tangu mwaka wa 1925, na kwa wingi wa wanachama hakuna kinachokifikia duniani. Lakini sheria inaruhusu hicho kimoja tu, nacho kiko chini ya chama kinachotawala. Kwa maoni yangu, chama kisichoweza kumkasirisha mkubwa hakiwezi kumrudisha mtoto kwa babaye.

Na sisi tunaoweza kumkasirisha? Hatuna hukou hapa. Hakuna sheria inayokataza watoto wangu kusoma Nairobi. Lakini wako Kakamega kwa mama yangu, kwa kuwa chumba ninachopanga hakitoshi watu watano. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yasema mwajiri atoe nyumba, au pesa za kutosha kupanga nyumba. Za kumtosha nani? Mtu mmoja na kitanda chake? Katika mikutano ya tawi tumebishana juu ya saa za ziada, viatu na makoti ya mvua, na ni haki. Sikumbuki siku tuliyoulizana ni wangapi kati yetu wanaoishi mbali na watoto wao.

Basi naomba kila tawi lifanye hesabu hiyo kabla viongozi wetu hawajakaa mezani kwa mapatano mapya: jina la mwanachama, kodi anayolipa, watoto wangapi, wako wapi. Karani wa tawi letu amekubali kuweka daftari. Nimejiandika wa kwanza: watoto watatu, wote kwa nyanya yao.