Gitaa la Matsumoto Lipewe Heshima Yake

Katika mabishano ya wapenzi wa gitaa la umeme hakuna kauli inayorudiwa zaidi kuliko ile isemayo kwamba Stratocaster ya kweli ni iliyotoka Marekani, na kwamba zilizofanyizwa Japani tangu mwaka 1982 kwa mfano wa zile za kale, hata zikiwa na jina la Fender kichwani, ni nakala tu, na sifa yake haizidi urahisi wa bei. Hukumu hii naiona haina insafu, kwani aghalabu hutolewa na mtu aliyekwisha kuuliza nasaba ya gitaa kabla hajaligusa.

Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, aliitoa Stratocaster mwaka 1954, ikiwa na vipokea sauti vitatu vya sumaku, kiwiliwili kilichochongwa kikaingia ndani mahali pa ubavu na pa mkono ili kimkae vema mpigaji, na shingo iliyoshikwa kwa parafujo nne. Mwaka 1965 kampuni yake ilinunuliwa na CBS, shirika la utangazaji, kwa dola milioni 13, na tangu hapo tijara ikawa na sauti kubwa kuliko ustadi: kichwa cha gitaa kikapanuliwa, parafujo nne za shingo zikawa tatu, na mengi katika magitaa hayo yakawa mazito kupita kiasi, hata ilipofika mwisho wa miaka ya sabini wapigaji wakawa wanayatafuta makuukuu kwa udi na uvumba, na mapya wakayaacha dukani. Ilhali huko Japani mafundi wa magitaa ya Tokai na ya Greco walikuwa wameyaweka magitaa yale ya kale mezani, wakayafungua, wakayapima kona kwa kona, kwa subira ambayo wenye mali wenyewe hawakuwa nayo tena.

Bill Schultz, aliyekabidhiwa uongozi wa Fender baada ya kutumikia Yamaha huko Marekani, aliliona jambo hilo, na mwaka 1982 akafunga ushirika na nyumba mbili za biashara za Kijapani, Kanda Shokai na Yamano, na kazi ikapewa FujiGen Gakki, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1960 katika mji wa Matsumoto, mkoani Nagano. Huko ndiko zilikofanyizwa Stratocaster za mfano wa 1957 na wa 1962, na Telecaster ya mfano wa 1952. Dan Smith, mmoja wa wakuu wa Fender wa siku zile, alisimulia baadaye ya kuwa sampuli za kwanza kutoka Japani zilipowasili California wenzake waliokuja kuzikagua nusura walie, maana mbele yao palikuwa na kazi ambayo wao wenyewe walikuwa wakijitahidi kuifanya.

Na tulitazame basi gitaa lenyewe. Shingo ya mfano wa 1957 ni kipande kimoja cha mti wa mepo. Ufito wa chuma unaoizuia isipinde umetiwa kwa nyuma, na mfereji wake ukazibwa kwa ukanda wa mti mweusi uliosawazishwa kwa msasa hata kidole kikipita juu yake hakihisi mahali mti mmoja unapokoma na mwingine kuanza. Ganda jeupe la plastiki lililo usoni mwa kiwiliwili ni la tabaka moja na lina parafujo nane, kama ilivyokuwa mwaka 1957, ilhali mfano wa 1962 una ganda la tabaka tatu na parafujo kumi na moja. Kwa nyuma, bamba la chuma limerudishiwa parafujo zake nne, na juu yake zimepigwa herufi JV na tarakimu tano.

Sisemi kwamba hazina taksiri. Rangi yake mara nyingi ni ya poliesta, nene na ngumu kuliko vanishi ya zamani, na katika matoleo ya bei nafuu yaliyofuata baadhi ya vifaa vya umeme vilikuwa hafifu na mbao zikabadilishwa. Haya ni makosa ya kuhesabiwa gitaa kwa gitaa. Hayatoshi kuwa hukumu juu ya nchi nzima.

Sisi wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa tenzi zetu nyingi zimetufikia kwa mikono ya wanukuzi, na Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyekuwa pia mchonga mbao na mpiga kibangala, aliheshimiwa kwa uaminifu wa kalamu yake, wala hakuna aliyemwita mghushi kwa kuandika upya yaliyotungwa na wengine. Fundi wa Matsumoto aliyeirudisha shingo ya 1957 katika umbo lake, wakati wenyewe walikwisha kuiacha, anastahili heshima ya namna hiyo.

Tena deni lenyewe ni kubwa. Mwaka 1985 CBS iliiuza Fender kwa Schultz na wenzake kwa dola milioni 12.5, na kiwanda cha Fullerton hakikuwamo katika mauzo. Na katika kipindi kile, kabla kiwanda kipya cha Corona hakijapata nguvu, magitaa mengi yaliyouzwa kwa jina la Fender yalikuwa ya Japani. Anayejivunia leo gitaa lake la Corona ashukuru kwamba palikuwa na watu waliolibeba jina hilo lisianguke.

Siku hizi zile za JV zimepanda bei, na wako wanaozinunua na kuzifungia kabatini wakingoja faida. Naliona hilo ni dhuluma, kwa sababu gitaa lilifanyizwa lipigwe. Wauzaji nao, badala ya kunong'ona neno Japani kana kwamba wanakiri aibu, na wataje wazi FujiGen, Matsumoto, na mwaka, kisha wamwachie mnunuzi alitie kwenye amplifaya na kulisikiliza.