Uzito Haukati

Kwenye magulio ya wilaya ya Same, kuanzia Hedaru na Makanya kando ya barabara kuu hadi Gonja na Ndungu upande wa pili wa mlima, panga hununuliwa kwa desturi moja. Mnunuzi huokota la kwanza, hulipima mkononi, hulirudisha. Huokota la pili, hulitikisa, huligonga kwa kucha asikie mlio wake. Muuzaji naye anajua mteja anatafuta nini. "Baba, hilo ni jepesi, la watoto hilo. Shika hili hapa uone uzito." Lile zito ndilo linalofungwa kwenye gazeti na kupanda nalo mlimani. Makali hakuna aliyeyagusa, na mpini hakuna aliyeuvuta kuona kama unacheza.

Panga zito ndilo panga: hiyo ndiyo imani, nayo imeota mizizi kiasi kwamba mtu akichagua jepesi huonekana amepunjwa. Imani hiyo si kweli. Kila msimu inawala watu wa Upare nguvu na muda, na wapo wenye makovu miguuni kwa sababu yake.

Kinachokata ni makali na mwendo wa mkono. Hesabu yake inafundishwa kwenye fizikia ya sekondari: uzito wa kitu kinachopiga ukiongezeka mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara mbili, mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Mkono wa binadamu hulirusha panga jepesi kwa kasi kuliko zito, na huendelea kulirusha hivyo hata saa ya tatu ya kazi. Zito hupiga vizuri mara hamsini za kwanza. Baada ya hapo bega huchoka, mwendo hushuka, na anayefyeka huanza kupiga shina moja mara tatu huku akidhani kichaka ndicho kigumu.

Tuchukue mapanga mawili, moja la gramu 450 na jingine la gramu 700. Tofauti ni gramu 250, kitu ambacho dukani hakiogopeshi mtu. Lakini panga hunyanyuliwa kila pigo. Kwa mapigo 1,000, na mtu anayesafisha shamba huyafikisha kabla jua halijawa kali, mwenye panga zito atakuwa amenyanyua kilo 250 zaidi ya mwenzake. Hayo ni magunia mawili na nusu ya mahindi, aliyoyabeba bure.

Mashahidi wazuri wa jambo hili wako jirani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, kisha ukaenea hadi tambarare za chini ya milima hii, Ndungu na Kisiwani zikiwemo. Mkata mkonge hukata jani mojamoja, hupunguza mwiba wa nchani, kisha hufunga majani 30 kwa fungu moja, na mafungu yake kwa siku huhesabiwa kwa makumi. Jani la mkonge ni gumu, lina nyuzi zinazotengeneza kamba za meli. Kama uzito ungekuwa ndio unaokata, watu hawa wangekuwa wa kwanza kuutafuta, maana ujira wao unategemea walichokata. Lakini wao hutumia kisu chembamba na chepesi, wanachokinoa mara kwa mara katikati ya kazi. Mtu anayelipwa kwa fungu hawezi kumudu imani potofu.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi, nao uko upande wa kaskazini wa safu hii ya milima. Ugweno, ambayo leo iko wilaya ya Mwanga, ilikuwa nchi ya wahunzi karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Ukoo wa Washana ndio uliojulikana kwa kazi hiyo, na kwa muda ndio ulioshika utawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya, kama alivyoeleza mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare. Wachaga wa Kilimanjaro walitegemea chuma cha Ugweno kwa majembe na silaha. Malighafi ilikuwa mchanga mweusi wenye chuma, uliokusanywa kwenye vijito, ukayeyushwa kwa makaa huku mivukuto ikipulizwa kwa saa nyingi. Kwa mhunzi wa namna hiyo kila kipande cha chuma kilikuwa miti iliyokatwa na usiku uliokesha. Asingeweza kulaza chuma mahali kisipofanya kazi. Wazo kwamba wingi wa chuma ndio ubora lisingepata nafasi kwenye kiwanda chake.

Basi imani hii imetoka wapi? Imetoka kwenye jambo la kweli lililosomwa vibaya. Miaka ya 1970 mkulima wa Tanzania alipata panga na jembe kutoka kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Baada ya biashara kufunguliwa, maduka yalijaa mapanga ya kila asili, na baadhi yake yalikuwa bati lililochongwa umbo la panga. Ukipiga kisiki, linapinda. Ukipiga mfupa, makali yanajikunja kama ukingo wa karatasi. Mapanga hayo mabaya yalikuwa membamba, na watu wakahitimisha kwamba wembamba ndio ugonjwa. Ugonjwa haukuwa huo. Chuma hicho hakikuwa na kaboni ya kutosha, au kilikuwa nayo lakini hakikupikwa inavyotakiwa. Hata kingekuwa na unene wa kidole, makali yangejikunja vilevile.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, na ndipo ambapo mazungumzo ya gulioni hayafiki kabisa.

Mhunzi anayetengeneza panga kwa pleti ya springi ya gari anaanza na chuma chema. Pleti hiyo ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, wakati nondo ya kujengea ina kaboni kidogo mno kuweza kushika makali. Lakini chuma chema ni nusu ya safari tu. Lazima akipashe moto hadi kiwe chekundu na sumaku ikatae kukishika, hali inayofika karibu nyuzi 770 za Selsiasi, akipandishe kidogo zaidi, kisha akipoze ghafla ndani ya mafuta. Hapo kinakuwa kigumu lakini chenye kuvunjika kama kioo. Hivyo hukirudisha kwenye joto dogo, nyuzi 250 au 300, mpaka rangi ya kahawia au ya buluu itambae juu ya chuma kilichosuguliwa, ndipo kinapata uwezo wa kupinda na kurudi. Panga jembamba lililopitia hatua hizo hulishinda nene lisilozipitia, kila siku, kwenye kila mti.

Mwenye panga zuri pia anaweza kuliua kwa dakika mbili. Huchukua panga jipya, akampelekea fundi mwenye grinda, cheche zikaruka, ukingo ukageuka buluu. Watu hufurahia cheche hizo. Buluu ile kwenye makali inasema chuma kimepita joto lake na ugumu umeanza kutoka. Baada ya hapo panga halikai makali hata wiki, na lawama huenda kwa wembamba wake! Tupa ya mkono na jiwe la kunolea, pamoja na kopo la maji, hufanya kazi hiyo bila kuchoma kitu. Ukungu wa milimani huleta kutu usiku mmoja, lakini kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha.

Kuna suala la mteremko pia, ambalo mtu wa tambarare hawezi kulijua. Mashamba ya tangawizi ya Mamba Miamba, na kahawa na migomba ya vijiji vya juu, yako kwenye miinuko ambapo mguu mmoja husimama juu ya mwingine. Huko panga likikosa shabaha haliishii ardhini mbele ya mtu. Linarudi kwenye muundi wake. Jepesi mkono unaweza kulisimamisha katikati ya njia. Zito likishaanza kushuka lina amri yake lenyewe, hasa mpini ukiwa na jasho. Na shina la mgomba, ambalo sehemu yake kubwa ni maji, halihitaji nguvu hata kidogo. Panga jembamba hulipita kwa mkato mmoja safi, nene hulichana na kumrushia mkataji utomvu.

Haki itendeke pia kwa panga nene, maana lina mahali pake. Dunia nzima watu wametofautisha. Kampuni ya Collins ya Connecticut, Marekani, iliyofanya kazi tangu 1826 hadi 1966, iliwauzia watu wa Amerika ya Kati na Kusini mapanga ya maumbo mengi mno, kwa kuwa mkata miwa hakutaka panga la mkata msitu. Kwenye nyasi na miwa walipendelea refu na jembamba. Wamalai na watu wa Indonesia, wenye misitu ya miti migumu, wana parang, fupi na nene zaidi. Huku chini Same, kwenye nyika kavu inayoelekea Mkomazi, kuna migunga mikavu inayogonga kama chuma. Lakini anayekata mgunga mkavu kwa panga, zito au jepesi, ameshakosea kifaa. Hiyo ni kazi ya shoka, au ya msumeno. Nyasi ni za fyekeo. Majani ya mgomba yaliyo juu ni ya mundu. Panga zito linanunuliwa kwa tumaini la kuwa shoka siku moja kwa mwaka, na siku nyingine zote linabaki kuwa mzigo.

Vijana wa mijini wanaokuja kupanda Shengena, kilele cha mita 2,462 ndani ya msitu wa Chome, nao wana toleo lao la imani hii: jisu la kambini, nene, lenye meno ya msumeno mgongoni kama la kwenye sinema. Msitu ule umehifadhiwa, miti yake haikatwi. Kisu kidogo cha kumenyea maembe kingewatosha.

Lakini dhuluma kubwa ya imani hii iko nyumbani. Anayenunua panga mara nyingi siye anayelitumia. Baba hushuka Same mjini, hulipima kwa mkono wake yeye, mara moja, akiwa amesimama kivulini. Mama ndiye atakayelibeba asubuhi kwenda shambani pamoja na ndoo na pengine mtoto mgongoni, na ndiye atakayefyeka nalo hadi mchana. Siku ya msaragambo, kijiji kinapotoka kusafisha mifereji ya mifongo na mabwawa ya ndiva ili maji yashuke mashambani, utawaona wanawake na vijana wadogo wakilishika panga la namna hiyo kwa mikono miwili. Panga limetengenezwa lishikwe kwa mkono mmoja. Likishikwa kwa miwili, limeshamshinda mwenyewe.

Wahenga waliposema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, walichagua neno lao. Hawakusema kisu kizito.

Kulijua panga jema hakuhitaji mashine. Mtu alitazame kwa jicho moja tangu mpini hadi ncha, aone kama limenyooka. Akandamize ncha kwenye ubao, alipinde kidogo, kisha aliachie: jema hurudi lilivyokuwa, bovu hubaki na mgongo. Aangalie kama chuma kimepita mpini mzima hadi mwisho na kama ribiti zake zimekaza. Halafu aguse makali kwa tupa. Ikiteleza bila kushika, chuma ni kigumu mno na kitapukutika. Ikizama kama kwenye sabuni, ni laini na hakitashika makali. Ikishika kwa kukwaruza huku ikipingwa, hapo pana panga, liwe jepesi namna gani. Unene wa milimita mbili hadi tatu, ambao mapanga mengi ya dukani yanao, unatosha kabisa kwa kazi za shamba la mlimani.

Wauzaji wa Same waweke tupa moja mezani na wawaruhusu wateja kuitumia. Muuzaji anayekataa makali yake yajaribiwe ameshatoa jibu. Na masika yakikaribia, vichaka vya kando ya mifongo vikianza kudai kufyekwa, mnunuzi aende gulioni na yule atakayefyeka, mama au kijana wake, ampe alishike yeye, na tupa iguse makali kabla pesa haijatoka mfukoni.