Bi Harusi Aruke Ndani, Bila Kamera

Sisi mafundi wa nguo hapa Karagwe tunaijua siri ya mabibi harusi: tukimpima leo na tukimpima tena wiki ya harusi, namba hazilingani. Anawekwa ndani, analishwa, hatembei. Ndiyo maana gauni lake tunaliachia akiba ya inchi mbili kila upande.

Huku jambo hili lina historia. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alifika kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe, akakuta wanawake wa ikulu wamenenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama hawawezi. Mmoja, shemeji wa mfalme, alimpima kama sisi tunavyopima: mkono inchi 23, kifua inchi 52. Unene ndio ulikuwa uzuri. Leo bi harusi wa Kayanga, au wa Nkwenda kule Kyerwa, nyumbani anaambiwa anenepe, kwenye simu anaambiwa apungue. Sisi tunasema unene wake uacheni, mpimeni mwendo.

Ipo michezo ya video inayochezwa kwa mwili. Nintendo walitoa Wii mwaka 2006, yenye rimoti inayohisi mkono unavyokwenda. Mwaka 2019 wakatoa Ring Fit Adventure: kihisi kimoja unakifunga pajani kwa mkanda, kingine kiko kwenye duara unalolibana kwa mikono. Usipokimbia hapo ulipo, mtu wako kwenye skrini naye hakimbii. Kinect ya Microsoft, ya 2010, ilitumia kamera, na hapo ndipo tunapochagua upande. Kihisi cha kuvaa hakioni uso wala nywele. Uko chumbani na kanga yako, chenyewe kinasoma mwendo tu.

Ila wanaobuni wangemuuliza na fundi. Simu nazo zina kihisi, basi tukashona mfuko kwenye lastiki, msichana wetu mmoja akauvaa kiunoni na kuruka kamba. Lastiki ikalegea, simu ikawa inadunda yenyewe na kuhesabu hatua za uongo. Tukaibana, akalalamika tumbo. Tulipoweka mkanda mpana wa vidole vinne, ndani pamba, ukatulia.

Na mchezo wenyewe uwe wa kwetu. Ninyi visiwani mna nage, sisi tuna rede: kukwepa mpira, kuinama, kuruka, yote hayo kihisi kinaweza kuyasoma. Uchezeke kwenye simu ya kawaida, bila bando, maana umeme nao una siku zake.

Mama anayepanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani hauhitaji, tusidanganyane. Tunaouhitaji ni sisi tunaokaa kwenye cherehani toka asubuhi hadi alasiri, na huyo aliyewekwa ndani.

Wapo wanaosema kurukaruka ni kwa watoto, mke wa mtu hafai. Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda; baadaye, mwili ulipomwongezeka, wakashindana tena akashindwa. Naye alikuwa mke wa mtu.

Mkanda wa pili uko mezani, wa zambarau, kwa sababu ndicho kitambaa kilichobaki. Bi harusi wetu wa mwezi ujao amekubali kuujaribu, kwa sharti moja: mama mkwe asijue.