Priamplifaya ya nini? Baba, usiuze mpunga!

Wadau, samahanini kwa kuadimika. Nilikwenda nyumbani Mtowisa likizo, na niliporudi kampasi nikakuta testi mbili zinanisubiri kama wadai. Moja nimeshaifanya (msiniulize), nyingine ni Jumatatu. Badala ya kusoma naandika hapa, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu nipande basi Sumbawanga.

Kwa wasiojua, Mtowisa iko kule chini Bonde la Rukwa. Unatoka Sumbawanga mjini na sweta lako, unashuka barabara ya Ntendo–Muze umekamata kiti kwa mikono miwili, ukifika chini sweta unaligeuza mto wa kulalia. Joto, mpunga, ufuta, ng'ombe, samaki wa ziwani. Na nyumbani kwetu kuna mzee mmoja mpenda muziki, baba yangu.

Mzee alipata amplifaya kwa mtu aliyefunga ukumbi wake. Amplifaya nzito, mnyama kweli kweli, pamoja na spika mbili za mbao. Shida ni moja: ni ile ya kusukuma spika tu. Nyuma ina matundu ya kuingizia waya na ya kutolea, basi. Haina volyumu. Ukichomeka simu moja kwa moja, unapunguzia sauti kwenye simu, na ukijisahau meseji ikaingia, nyumba nzima inaruka.

Mzee akaenda mjini kuuliza. Muuzaji mmoja (simtaji, na duka simtajii mtu) akamwambia lazima anunue priamplifaya. Shilingi 240,000. Tena akamtisha kwamba bila hiyo amplifaya "haitapata nguvu" na mwisho itaungua. Mzee akarudi amenyong'onyea, akaanza kuhesabu magunia ya mpunga. Mimi naingia, "Shikamoo baba," hata sijakaa naambiwa nimsaidie kutafuta mnunuzi. Na mpunga wenyewe ndio uliokuwa umepangwa kununua godoro, sanduku na madaftari ya mdogo wangu anayekwenda kidato cha tano.

Hapo ndipo hasira ilipoanza. Sikatai mtu kununua kifaa kizuri kwa hela yake, ninachopinga ni huu uongo kwamba muziki wa nyumbani siku hizi unahitaji kukuzwa mara mbili. Hauhitaji! Unahitaji kupunguzwa!

Tulieni nihesabu, ni hesabu ya kidato cha nne tu. Nilimwazima jirani mita ya umeme, nikapiga kwenye simu mlio mmoja wa hezi 50, sauti ya mwisho. Simu ikatoa volti 0.6. Nikapima kwenye spika: volti 12. (Dirisha lilitetemeka na mbuzi wa jirani wakakurupuka, niliomba radhi.) Kwa hiyo amplifaya inazidisha mara 20, na hilo ni jambo la kawaida, amplifaya nyingi za aina hiyo zinazidisha mara 20 hadi 30. Volti 12 kwenye spika ya omu 8 ni wati 18. Mmewahi kukaa sebuleni na wati 18 za kweli? Si zile wati 5,000 za kwenye boksi la sabufa, nazungumzia wati za kweli. Hamtasikilizana.

Sasa chukua sauti ya kawaida ya kusikiliza watu wakiongea pembeni. Hiyo ni kama wati 1, mara nyingi hata haifiki. Wati 1 kwenye omu 8 ni volti 2.83. Gawa kwa 20, unapata volti 0.14. Basi! Amplifaya ya mzee inataka volti 0.14 ili imburudishe. Simu inatoa 0.6. Deki ya CD ndiyo kabisa, tangu CD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1982 kawaida yake imekuwa kutoa kama volti 2. Yaani CD inaleta mara 14 ya kinachotakiwa, halafu muuzaji anataka uongeze mashine nyingine ya kukuza! Kinachofanyika ndani ya hiyo mashine ni kichekesho: volyumu kwanza inapunguza, halafu transista zinakuza kile kilichopunguzwa, halafu amplifaya inakuza tena. Ndiyo maana watu wengi volyumu zao wanazigusa kidogo tu mwanzoni kabisa, zaidi ya hapo majirani wanakuja.

Zamani ilikuwa na maana yake, nakubali. Santuri inatoa milivolti 5 tu kutoka kwenye sindano ya kawaida, na zaidi ya hapo besi imepunguzwa wakati wa kukata sahani, lazima irudishwe. Mwenye santuri anunue kifaa chake, simgombezi. Lakini baba yangu Mbaraka Mwinshehe wake na Marijani Rajab wake wako kwenye simu.

Kwa hiyo nilimwomba mzee siku nne. Nikasema nitatengeneza priamplifaya isiyo na umeme. Akanitazama kama nimesema nitalima bila jembe.

Kitu chenyewe ni volyumu tu, jamani. Ile yenye miguu sita, mitatu kwa spika ya kushoto, mitatu ya kulia, mhimili mmoja. Mguu mmoja wa pembeni unapokea muziki, mwingine wa pembeni unakwenda kwenye waya wa ardhi, wa katikati unapeleka kwenye amplifaya. Ni kile kigawanya volti tulichochora kwenye daftari la fizikia tukasahau. Hakina transista, hakina adapta, hakikuzi kitu, kinapunguza tu.

Na hapa niungame, mara ya kwanza niliharibu. Niling'oa volyumu kwenye redio mbovu, ilikuwa ya kilo-omu 100, nikaunganisha kwa waya wa mita 5 ili mzee akae nayo kwenye kiti chake. Muziki ukatoka, mzee akafurahi. Mdogo wangu akasema, "Kaka, mbona kama wamefunikwa blanketi?" Mzee hakusikia tofauti, lakini binti masikio yake mazima. Matoazi yalikuwa yamefifia. Sababu ni kwamba volyumu ya 100 ikiwa katikati ni kama kuweka kilo-omu 25 mbele ya waya, na waya wenyewe unabeba kama pikofaradi 100 kila mita. Zidisha, utakuta kuanzia hezi elfu kumi na mbili hivi sauti nyembamba zinaanza kumezwa. Wanaosema "pasivu inaua muziki" wengi wao walisikia kosa kama langu wakalaani kifaa kizima. Mtu akipika ubwabwa ukaungua, anaacha mpunga?

Nikamtuma kijana anayepanda Sumbawanga aniletee ya kilo-omu 10, ya logi, ambayo sauti inapanda taratibu kadiri masikio yanavyopokea. Haikufika elfu tatu. Nikafupisha waya ikawa mita 1, nikafungia kila kitu kwenye kopo la biskuti la bati, nikaunganisha kopo na waya wa ardhi. Volyumu ya 10 ikiwa katikati ni kilo-omu 2.5, waya wa mita 1 hauwezi kuifanya kitu. Simu nayo imezoea kusukuma visikilizio vya omu 32, kilo-omu 10 kwake ni kubeba unyoya. Matoazi yakarudi. Gharama yote pamoja na pini na risasi ya kuchomea ilikuwa chini ya elfu kumi.

Kuna kitu hata mimi sikukitegemea. Nyumbani umeme ukikatika tunawasha kwa betri ya sola na inveta, na ile inveta ya bei ya chini inaingiza mngurumo kwenye kila chenye adapta. Kopo la biskuti halina adapta. Halili hata wati moja ya betri, umeme ukipanda na kushuka halina cha kuungua. Kwa mtu wa Mtowisa hiyo peke yake ingetosha kumaliza ubishi.

Mwenzangu wa chumbani hapa, anayesoma umeme na anajiona ndiye ameuvumbua, ananiambia mafundi wakubwa wote wanatumia za kukuza. Si kweli. Nelson Pass, Mmarekani anayeheshimika sana kwenye kazi hii, mwaka 2008 alitoa mchoro wa kifaa anachokiita B1, na hakikuzi volti hata kidogo. Kina transista, ndiyo, lakini kazi yake ni kupokea mawimbi bila kulemea chanzo na kuyasukuma hadi kwenye amplifaya kwa ukubwa uleule. Ukiwa na waya mrefu sana au amplifaya mvivu, tengeneza hicho. Nilipomwonyesha hesabu ya 0.14 akasema "ngoja nitaiangalia". Wiki ya pili sasa anaiangalia.

Na hawa ndio wanaonikera kuliko hata yule muuzaji. Muuzaji ana watoto, anatafuta ugali. Lakini sisi tunakula bumu la mkopo, tunajifunza kugawanya volti mpaka usiku wa manane ili tusipate sapu, halafu mzazi akipiga simu kuuliza "mwanangu, hiki kitu ninunue?" tunamjibu "nunua tu baba, ndiyo ya kisasa". Tumeona aibu kusema volyumu ya elfu tatu inatosha, tunadhani tutaonekana hatujasoma.

Mzee jana kapiga simu. Nyuma yake nikasikia gitaa la Mbaraka linakwenda vizuri, na akaniuliza kama naweza kuongeza tundu la pili, maana rafiki yake anakuja na deki ya CD. Nimemwambia inahitaji swichi ya kuchagua, nitaibeba Desemba. Mdogo wangu ameripoti shule, na godoro amenunuliwa la inchi tano.

Haya, Jumatatu saa mbili asubuhi. Niombeeni.