Magari ya Wataalamu Yawe na Daraja Lake



 Wengi wenu mnakumbuka mjadala wa muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba magari yaliyoundwa kwa madereva wa kulipwa yasishindane na magari ya madereva wa ridhaa. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kuunga mkono, na tulishindwa kwa kura, tena vibaya. Wapinzani wetu waliwachekesha watu, sisi tukasoma karatasi. Lakini kushindwa kwa kura si kukosea, kwa hivyo naomba niendelee hapa, mahali ambapo hakuna kengele ya kunikatiza.

Nitaanza na baiskeli, mtanisamehe. Mwaka jana kulikuwa na mbio za baiskeli za vijana hapa mjini. Tangazo lilisema mwanafunzi yeyote, baiskeli yoyote, na zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mpya. Tulijitokeza vijana kama thelathini hivi. Wengi wetu tulikuja na Black Mamba za baba zetu, zile za kubebea madumu ya maji, na wengine walikuja na baiskeli za gia ambazo gia zake zilikufa zamani. Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja aliazima ya mwenye duka. Yeye anatoka Madogo, na kila siku huvuka daraja la Tana kwa miguu, asubuhi na jioni. Kwake zawadi ile haikuwa pambo.

Basi akatokea kijana mmoja mgeni. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, amekuja likizo kwa jamaa zake. Baiskeli yake ilikuwa ya mashindano hasa: nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja, matairi membamba, viatu vinanasa kwenye pedali. Huko kwao yuko katika timu na ana kocha. Hakuvunja sheria yoyote, maana sheria yenyewe haikuwepo. Sisi hata nusu ya njia hatujafika, yeye tayari anarudi, akatupungia mkono. Akachukua ile baiskeli mpya, ikafungwa juu ya basi, ikaenda. Rafiki yangu akawa wa pili, akapewa fulana. Mpaka leo anatembea.

Kwenye mjadala tuliambiwa kwamba sisi ni waoga, ati tunakimbia walio bora. Si hivyo jamani. Dereva hodari akija na gari kama letu, karibu sana, atushinde na tumpigie makofi. Ninachokataa ni kushindwa na gari kisha niambiwe nimeshindwa na mtu.

Itazameni Safari Rally, ambayo wengi wetu tumeiona kwenye runinga tu. Ilianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Inasimuliwa kwamba Bw. Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashindane katika uwanja wa mbio wa Langa Langa. Binamu akakataa, akasema kuzunguka pale pale kunachosha, yeye anataka mbio za kutoka nyumbani, kukata nchi na kurudi. Ndipo wakabuni mbio za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyotoka dukani, na yaligawanywa katika madaraja kulingana na bei yake. Bei, wenzangu! Wale wazee walijua tangu siku ya kwanza kwamba gari la pesa nyingi na gari la pesa kidogo hayapimwi kwa mizani moja. (Hapa ndipo nilipokatizwa na kengele siku ile.)

Baadaye viwanda vikubwa vikaja na timu zao, mafundi, malori ya vipuri, na hata ndege za kuwaangalizia njia. Na hapa lazima nikiri, kwa sababu wapinzani wetu walitupiga hapa. Kwa karibu miaka 20 timu hizo zilikuja lakini hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda, hadi Hannu Mikkola wa Finland alipofaulu mwaka wa 1972 kwa Ford Escort. Joginder Singh wetu, fundi wa magari, alishinda mwaka wa 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Basi wakauliza, kama wenyeji waliweza, nyinyi mnalia nini?

Swali zuri. Jibu lake ni matope. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Abti wangu, kaka yake mama, ni fundi wa magari hapa mjini, na utotoni aliishi Thika. Anasema wakati wa Pasaka walikuwa wakisimama kando ya barabara kungoja magari, na mvua nayo haikukosa. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita. Gari likizama kwenye udongo mweusi, nguvu zake zote hazisaidii, linabaki chuma. Anayeokoka ni yule anayejua mto gani umejaa na apite wapi. Ujuzi wa mwenyeji ulikuwa kama injini ya pili.

Sasa niambieni, katika uwanja wa mzunguko wa kilomita mbili tatu, lami laini, hakuna mto wala twiga anayekatiza njia, huo ujuzi wa mwenyeji utautumia wapi? Pale kila kona ni ile ile, mara ishirini. Mwenye injini kubwa, breki nzuri na matairi ya mashindano ameshinda kabla ya bendera kushuka. Hata Safari yenyewe, ilivyozidi kuwa fupi na ya kasi, wenyeji waliachwa nyuma. Mkenya wa mwisho kuishinda ikiwa duru ya ubingwa wa dunia alikuwa Ian Duncan, mwaka wa 1994. Iliporudi katika ubingwa huo mwaka wa 2021, kule Naivasha, washindi wote hadi 2025 walikuwa na Toyota Yaris za kiwanda. Sisemi hao si madereva hodari. Nasema hakuna anayewashindanisha na Probox ya miraa.

Na wakubwa wenyewe hawachanganyi. Wana daraja la Rally1, Rally2 na Rally3, na kila daraja lina washindi wake. Kijana wetu McRae Kimathi alipokwenda Sweden mwaka wa 2022 kuendesha kwenye theluji, alishindana katika ubingwa wa vijana ambapo wote wanaendesha gari la aina moja, Ford Fiesta Rally3. Hapo ukishindwa unajua umeshindwa na nani.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mjadala halikutajwa kabisa, nalo ni hatari. Chukueni hesabu ndogo ya fizikia. Gari moja linakwenda kilomita 100 kwa saa, la nyuma yake linakuja kwa 180. Tofauti ni kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Kama liko nyuma kwa urefu wa uwanja wa mpira, litakufikia chini ya sekunde tano. Dereva wa ridhaa yuko kwenye kona, macho yako mbele, ataangalia kioo saa ngapi?

Sisi watu wa ngamia tusijifanye hatulijui hili. Kule Maralal kumekuwa na mbio za ngamia tangu 1990, na watalii ambao hawajawahi kupanda ngamia nao huingia. Je, wanawekwa pamoja na wapanda ngamia waliozaliwa nao? La. Wasio wataalamu wana mbio zao fupi, na wataalamu wana zao ndefu. Mtalii anaanguka, watu wanacheka, anapanda tena, na bado ana nafasi ya kushinda wenzake.

Wengine walisema magari makubwa yanavuta watazamaji, na watazamaji ndio pesa. Hilo nakubali bila ubishi. Basi yaje! Yapewe saa yake, yazunguke peke yake, tuyasikie yanavyonguruma, yagombee kombe lake. Hata kujifunza tutajifunza vizuri zaidi tukiwa tumesimama tunatazama, badala ya kuona vumbi tu.

Nimeandika haya sasa kwa sababu muhula ujao siku ya michezo itakuwa na mbio za baiskeli kwa mara ya kwanza, na nimesikia kamati inataka kuandika tena yale maneno, "baiskeli yoyote". Mwalimu wa michezo, kwa heshima zote, naomba yabadilishwe. Mbio za kwanza ziwe za baiskeli ambazo mtu huja nazo shuleni au hutumika nyumbani kwao kwa kazi. Mwenye baiskeli ya mashindano awe na mbio za pili, hata kama wako watatu tu. Kapteni wa michezo aziangalie baiskeli zote asubuhi kabla ya kuandika majina, na asiangalie sura ya mwenyewe.

Rafiki yangu amekwisha kuazima ile ile ya mwenye duka. Mnyororo wake una kutu, lakini abti amesema tumpelekee Ijumaa baada ya swala autie grisi.