Mhadhara wa Mgeni Usiishie kwenye Itifaki

Wanafunzi wa uhandisi huniuliza kama kuna faida yoyote ya kuhudhuria mihadhara ya wageni na mawasilisho ya tafiti, ilhali hayo hayaulizwi kwenye mtihani. Mimi si mhandisi. Ninafundisha sayansi ya jamii. Jibu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, mradi wapewe nafasi ya kuuliza. Mhadhara usio na maswali ni hotuba, na hotuba katika nchi hii hazijawahi kuadimika.

Ndugu msomaji, unaujua utaratibu wenyewe. Tangazo linasema saa tatu. Mgeni rasmi anaingia saa nne na nusu. Wanatambulishwa waliopo meza kuu, kisha waliowawakilisha wasiokuwepo. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, na wapo wanaoisaini kwa niaba ya wenzao watatu. Mtoa mada anaanza akiwa amechoka kusubiri, anakimbiza slaidi sitini, na mshereheshaji anatangaza kwamba kutokana na ufinyu wa muda yatapokelewa maswali mawili tu. Yote mawili yanachukuliwa na wahadhiri wa safu ya mbele, nao hawaulizi, wanachangia. Kisha picha ya pamoja.

Katika mhadhara mmoja wa namna hiyo, uliohusu gridi ya umeme, nilikaa karibu na binti wa mwaka wa tatu aliyenyoosha mkono hadi mwisho bila kuitwa. Nikamwomba anieleze alichotaka kuuliza. Amepanga chumba Zuzu, kata ninayoishi mimi pia, ambako kipo kituo kikubwa cha kupoza umeme kinachopitiwa na njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kuelekea Singida na Shinyanga. Baba mwenye nyumba alimuuliza, kwa kuwa anasomea umeme, inakuwaje mtu aishi chini ya nyaya nene kiasi kile na bado awashe taa ya sola. Binti alikuwa na nusu ya jibu: umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa ili mkondo uwe mdogo na upotevu njiani upungue, hivyo hauwezi kuchotwa juu ya nguzo na kuingizwa sebuleni, lazima upozwe hatua kwa hatua mpaka ufikie volti 230. Nusu ya pili hakuwa nayo. Nani huamua transfoma ya mtaa iwekwe wapi kwanza, kwa vigezo gani, kwa fedha za nani? Hilo halimo katika vitabu vyake. Aliyelijua alikuwa amesimama mbele yake, akapewa zawadi ya kinyago na kuondoka.

Ninalikasirikia jambo hili kwa sababu nchi yetu ina mfano wa mhadhara wa mgeni uliofanyika inavyopasa, na mfano huo umefika duniani kote. Katika miaka ya 1960 mkuu wa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwalika mwanafizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam aje azungumzie fizikia na maendeleo ya taifa. Osborne aliandika baadaye kwamba alizungumza nusu saa, lakini maswali yakachukua saa nzima au zaidi. Miongoni mwa waliouliza alikuwa Erasto Mpemba, aliyetaka kujua kwa nini maji ya moto yakiwekwa kwenye jokofu huweza kuganda kabla ya maji yasiyo ya moto. Wenzake walicheka. Alikuwa ameliona jambo hilo mwaka 1963 akitengeneza aisikrimu shuleni Magamba, na mwalimu wake alikwisha kumwambia kwamba amechanganyikiwa.

Mgeni hakucheka. Alirudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi sanifu wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 makala ilichapishwa katika jarida la Physics Education, na jina lililotangulia lilikuwa la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, wengine wakidai kwamba halipo kabisa. Ubishi huo haupunguzi kitu. Tunajivunia jina la Mpemba, lakini ile saa ya maswali iliyomwibua tumeifuta kwenye ratiba.

Mawasilisho ya tafiti nayo tunayadharau, hasa yasiyo na mgeni rasmi, yanayofanyika Alhamisi mchana mbele ya watu kumi na mmoja. Chukua maji ya Dodoma. Kwa miongo mingi mji huu umetegemea visima vya Makutupora, ambako kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti wa nje na wa Tanzania walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za eneo hilo. Walionyesha kwamba hifadhi ile haijazwi sawasawa kila masika. Kwa sehemu kubwa hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mwanafunzi wa uhandisi anayesanifu mfumo wa maji kwa wastani wa mvua za mwaka atakosea hesabu, hata kama kanuni zake zote ni sahihi. Serikali imehamia hapa, watu wanaongezeka, na visima vinasubiri mvua isiyokuja kila mwaka. Aliyelisikia hilo akiwa mwaka wa pili atauliza maswali tofauti atakapopewa muhuri wa mhandisi.

Iko pia hoja ya lugha. Nimeona kijana akiandika swali zuri kwa Kiswahili kwenye daftari, akajaribu kulitafsiri, kisha akalikunja. Mgeni ni Mtanzania, muulizaji ni Mtanzania, swali linahusu Zuzu. Sioni sheria inayomkataza mshereheshaji kusema: ulizeni kwa Kiswahili.

Kwa wakuu wa idara ombi langu ni dogo. Utambulisho dakika tano, mada nusu saa, muda uliobaki uwe wa maswali, na mwanafunzi aanze kabla ya mhadhiri. Kwa watumishi wa umma, zamani tuliambiwa wataalamu wako Dar es Salaam na nauli hakuna. Sasa wizara ziko Mtumba. Mhandisi wa maji au wa umeme anaweza kutoka ofisini, akajibu maswali ya vijana na kurejea kabla ya saa tisa na nusu, bila posho ya kulala. Yule binti bado anakaa Zuzu, na baba mwenye nyumba bado hajajibiwa.