Mvua ya mawe Tarime: bati kachagua mwenye frem, hasara anabeba mpangaji

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo tuongelee paa. Ndiyo, paa la frem unayofanyia biashara, maana mvua ya mawe haiulizi wewe ni chama gani.

Tuanze na sababu. Sisi tuko kwenye miinuko, na Ziwa Victoria liko hapo chini. Unyevu wa ziwa unapanda, unakutana na milima, mawingu yanakuwa marefu mpaka maji yanaganda huko juu. Kwa kuwa tuko juu, barafu inafika chini kabla haijayeyuka. Ukivuka Sirari ni miinuko hiyohiyo inaendelea mpaka Kisii na Kericho. Kericho wakulima wa chai wamewahi kuhesabu zaidi ya siku 100 za mawe kwa mwaka! Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya kule yalijaribu hadi kurusha roketi na kumwaga dawa mawinguni kwa ndege. Mawe hayajaisha mpaka leo. Kwa hiyo mawe hatutayazuia, tutengeneze paa.

Na siyo kitu cha mzaha. Usiku wa Machi 3, 2015 kijiji cha Mwakata kule Kahama kilipigwa na mvua ya mawe na upepo, watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizobomoka. Rais wa wakati huo Jakaya Kikwete alienda mwenyewe kuwapa pole. Misaada ikaenda, magazeti yakaandika, halafu tukasahau.

Sasa turudi kwenye frem zetu. Jiwe la barafu la sentimita 2.5 hadi 4 linaweza kushuka kwa mwendo wa kilometa 40 hadi 65 kwa saa. Likikuta bati jipya na nene, linabonyea tu. Likikuta bati jembamba lenye kutu, linapita. Mafundi wanajua: geji 32 ni nyembamba, geji 30 ina nafuu, geji 28 ni nene zaidi. Namba ikipanda bati linapungua. Na usikubali neno "geji" peke yake, muulize muuzaji unene kwa milimita, aandike kwenye risiti.

Lakini bati nene siyo mwisho wa habari. Papi zikiwa mbalimbali, bati linacheza kila likipigwa, tundu la msumari linatanuka, mpira wake unaachia. Watu baada ya mvua wanatafuta matundu ya mawe, kumbe maji yanaingia kwenye misumari. Skrubu zenye mpira zinashika vizuri kuliko misumari ya kawaida. Zile bati za plastiki za kuingiza mwanga ndiyo za kwanza kupasuka, maana jua likizipiga miaka kadhaa zinakuwa kama kaukau.

Halafu kuna hii fasheni ya paa la kuficha. Mbele ni ukuta mrefu mzuri, bati hulioni. Kinachotokea ni kwamba mawe yanajaa kwenye mfereji ulioko nyuma ya ukuta, yanaziba bomba, maji yanakosa njia, yanarudi ndani juu ya siling bodi. Hapo bati linaweza lisiwe na tundu hata moja na sukari yako yote ikalowa. Kama jengo ni la hivyo, bomba liwe pana, na liwepo tundu la ziada ukutani la kumwagia nje.

Swali langu ni hili: nani analipa? Mwenye frem ndiye aliyenunua bati rahisi. Mpangaji ndiye mwenye simenti iliyoganda, unga uliolowa na mkopo wa kikoba ambao hausubiri. Mikataba mingi ya pango inataja kodi na tarehe ya kuhama, paa hakuna. Mwenye nyumba anasema ni mambo ya Mungu, yanaishia hapo. Mvua ni ya Mungu, sawa, lakini geji 32 hakuichagua Mungu.

Mimi naona nguvu ya mpangaji iko siku moja tu, siku kabla hajatoa kodi ya miezi sita au mwaka. Ukishalipa, huna sauti tena. Siku hiyo panda na fundi, angalieni bati, misumari na mifereji. Andikeni kwenye mkataba nani anatengeneza paa na ndani ya siku ngapi, na kama likichelewa kodi inakuwaje. Wapangaji wa jengo moja mkiongea pamoja inakuwa rahisi zaidi kuliko mmoja mmoja.

Kuhusu bima, uliza vizuri kabla ya kusaini. Bima ya moto ya kawaida inaweza isiguse dhoruba mpaka iongezwe, na ya jengo hailipi mzigo wa mpangaji. Wenzetu Marekani wana kipimo cha paa: wanadondosha tufe la chuma la inchi 2 kutoka futi 20, paa likistahimili lina daraja la juu, na baadhi ya kampuni za bima zinapunguza malipo. Sisi wenye frem nzuri na mbovu wanapanga bei ileile, sasa nani atajisumbua kununua bati nene?

Wakati tunasubiri hayo, mzigo uweke juu ya chaga, turubai liwe karibu, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ufuatilie, hasa vuli na masika.

Naomba kutoa hoja. Wenye frem nanyi karibuni mjitetee hapo chini, bila matusi tafadhali.